Mdaku wa Iyunga

Nyinyi mlioanza nami tangu mwanzo mnajua nimefika wapi. Mimba mbili zimeharibika, ya tatu imo tumboni na imeanza kucheza. Sukari ya shirika imeibwa njiani, kisha sabuni, kisha sukari tena. Na baba mkwe wangu, dereva wa lori, amefungiwa kwenye chumba cha matairi hapa hapa yadini Iyunga, mkono wake umevunjwa na majambazi, anangoja gari la polisi limpeleke Iringa akajibu kesi ya kushirikiana na majambazi hao hao.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, naitwa Tupokigwe. Kazi yangu ni teleprinta. Ni mashine iliyofanana na taipu, ila ukibonyeza herufi hapa Mbeya inajiandika Iringa papo hapo. Shirika letu la malori, ambalo mhariri ameniomba nisilitaje, lilikuwa na waya wake kati ya Iyunga na Iringa. Kila lori likitoka, mimi ndiye niliyempasha habari mwenzangu Evarista kule: dereva ni nani, mzigo gani, limetoka saa ngapi, litalala wapi.

Ulikuwa mwaka wa vita. Sabuni ilikuwa haionekani dukani, watu wanafulia majivu. Lori la sabuni lilikuwa linawindwa kuliko lori la fedha.

Niliwaacha pale Ndugu Kalinga aliponiita ofisini kwa meneja akaniambia nifunge mlango.

Nikaufunga.

"Kaa, dada," akasema.

"Nitasimama tu."

"Kaa."

Ndugu Timotheo Kalinga alikuwa fundi mitambo aliyetumwa kutoka Iringa. Mhehe, mtaratibu, sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani. Alituambia waya wetu unaumwa na yeye amekuja kuutibu. Siku zote alizokuwa kwetu alijifungia kwenye chumba cha pili na mashine yake, chai tunampelekea mlangoni.

Sasa juu ya meza ya meneja kulikuwa na karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikaanguka sakafuni.

"Unajua hii ni nini?"

"Karatasi."

"Ni kila neno lililopita kwenye waya tangu nilipokuja. Mashine yangu nimeiunga kwenye waya wako. Ukibonyeza wewe, nayo inaandika. Akijibu Evarista, nayo inaandika. Nanasa kila kitu, halafu nakaa nachambua."

Hapo nikakaa bila kuambiwa tena.

Maana mnawajua wasichana wawili wanaokaa kwenye waya kutwa nzima. Kati ya lori na lori, tulikuwa tunapiga soga.

Ndugu Kalinga akaiinua karatasi akasoma bila hata kutabasamu. "'Kamwene Evarista. Leo meneja kavaa ile suruali ya kaki. Akikaa, vifungo vinaita msaada.'"

Bwana Yotamu, meneja wetu, Mnyakyusa mwenzangu wa Tukuyu, mtu wa makamo, mlokole, alikuwa amekaa nyuma ya meza. Alikuwa amevaa suruali ile ile. Akajitazama tumboni polepole.

"Zipo nyingine?" akauliza.

"Nyingi, Ndugu Meneja. Nyingine zinamhusu mama nyumbani kwako."

"Ruka hizo."

"Ndugu Meneja, nisamehe," nikasema. "Kyala, Mungu wangu, anisamehe. Ulikuwa utani tu."

"Nyamaza, Tupo."

Nikadhani ndilo kosa lenyewe. Nikadhani nitafukuzwa kazi kwa ajili ya suruali, na kwa jinsi mambo yangu yalivyokuwa yamenikalia vibaya miezi ile, ningeona afadhali. Natamani lingekuwa hilo.

Ndugu Kalinga akatoa kalamu mbili za rangi mfukoni.

"Hapa nimepiga mstari wa bluu kwa kila lori lililofika salama. Nyekundu ni yaliyoibiwa. Soma majina ya madereva kwenye nyekundu."

Sikusoma. Nilijua ningeona nini.

"Ni dereva mmoja," akasema mwenyewe. "Yule mzee aliye kwenye chumba cha matairi. Madereva wengine wamebeba sukari ile ile, sabuni ile ile, njia ile ile. Hakuna aliyeguswa."

"Basi ndiye yeye," akasema Bwana Yotamu kwa huzuni. "Polisi walishasema. Mtu mzima vile."

"Polisi wameishia hapo, Ndugu Meneja. Mimi nimekwenda mbele kidogo. Njoo utazame huku."

Meneja akainuka. Mimi nikabaki nimeshika ukingo wa kiti.

"Mashine yangu waya ukinyamaza inapiga nukta. Ukinyamaza sana, nukta nyingi. Huyu dada ana vidole vyepesi, ukimtazama anapoandika hakuna nukta kabisa. Haya, tazama. LORI LIMETOKA. DEREVA. Hapa sasa, nukta, nukta, nukta. Halafu ndiyo jina. Herufi moja, nukta. Herufi nyingine, nukta mbili. Kama mtu anaitafuta kila herufi kwa macho. Likiisha jina, mbio tena mpaka mwisho."

"Alichoka?"

"Achoke kwenye jina moja tu, kila safari? Madereva wengine anawaandika bila kupumua. Hapa kuna mikono miwili, Ndugu Meneja. Kuna mtu mwingine anakuja kuliandika jina hili. Hili tu."

Wote wawili wakanigeukia.

"Sheria ya chumba cha mashine unaijua?" akauliza meneja.

"Naijua. Haruhusiwi mwingine kugusa."

"Ni nani?"

Nje fundi mmoja alikuwa anagonga rimu kwa nyundo, kila akigonga nashtuka.

"Tupokigwe, nakuuliza. Kwa nini jina hili huliandiki mwenyewe?"

"Siwezi kulitaja."

"Jina gani?"

"La yule dereva."

Ndugu Kalinga akakunja uso. Lakini Bwana Yotamu alikuwa ameshaanza kuelewa, nikauona uso wake unabadilika.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mumeo si Andendekisye wa stoo?"

"Ndiye."

"Na Andendekisye ni mtoto wa mzee yule?"

"Ndiyo, Ndugu Meneja."

Akaachia pumzi ndefu, akakaa, vifungo vikavumilia. "Ndugu Kalinga, hapa umekuta mambo ya kwetu. Sisi Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani anaingia porini anajificha. Na jina lake halitamki mpaka anaingia kaburini."

"Kutamka, sawa. Hata kuandika?"

"Nikilipiga kwa vidole si nimelitaja kwa vidole?" nikamwuliza.

"Hapa ni ofisini, dada."

"Tumbo langu halijui kama niko ofisini."

Akanitazama tumboni, akaona haya, akatazama karatasi zake.

Mimba ya kwanza ilitoka wiki niliyokutana na mzee uso kwa uso pale Mwanjelwa, nimekata kona ya wauza vitunguu naye anatokea upande wa pili. Ya pili ilitoka baada ya mimi kujisahau na kuita jina lake katika kumsimulia jirani ajali ya lori. Wanawake wa ukoo walinihesabia yote mawili. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kwanza uzike wawili kama nilivyozika mimi.

Na mzee naye alikuwa mtu wa heshima zake. Akiingia na lori pale Iyunga alipiga honi ndefu tangu barabarani, nipate muda wa kutoka mlango wa nyuma. Madereva wenzake walimcheka, yeye hakujali. Sikuwa na baba tena, na kwa namna yake yule mtu nisiyemwona alikuwa ndiye baba.

"Basi mambo yamekwisha," akasema Bwana Yotamu, amechangamka. "Ni mila tu. Dada amevunja sheria ya chumba, nitamkaripia. Na hizo soga nitamkaripia zaidi."

Kwa muda mfupi sana nilikuwa nimepona.

"Hayajaisha," akasema Ndugu Kalinga. "Mkono wa pili ni wa nani?"

"Ina maana gani sasa?"

"Ina maana kubwa, Ndugu Meneja. Anayekuja kuandika jina la mzee, anaikuta karatasi mbele yake. Anaona mzigo. Anaona saa. Anaona lori litalala wapi. Safari za madereva wengine hazioni, maana haitwi. Kama mtu huyo ndiye anayewauzia majambazi habari, ni malori gani yangeibiwa?"

Bwana Yotamu akaivuta karatasi karibu.

"Ya mzee peke yake," akamaliza Ndugu Kalinga.

Wasomaji wangu, mimi si mjinga. Lakini kuna kitu unaweza kukaa nacho nyumba moja, ukakipikia na kukifulia, usikione mpaka mgeni kutoka Iringa akuonyeshe kwa kalamu nyekundu.

Andendekisye. Nani mwingine angeliandika jina la baba yake kwa niaba yangu? Nikifika kwenye neno DEREVA nilikuwa namwita dirishani, anakuja kutoka stoo anajifuta mikono, anainama juu ya bega langu, anatafuta herufi kwa kidole kimoja. "Baba anatoka na nini leo?" Kila mara aliuliza, na mimi nilikuwa naona mtoto anayemjali baba yake. Halafu ile sabuni ya miche iliyokuja nyumbani watu wanafulia majivu. Alisema ni ya binamu yake wa Mwanjelwa. Nikaoga nayo.

"Naomba nitoke," nikasema. "Kichefuchefu."

Mwanamke mjamzito hanyimwi hilo. Nikatoka.

Alikuwa mlangoni kwa stoo, ameegemea, ananingoja mimi.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanataka kujua nani anaandika jina la baba."

"Umewaambia?"

"Bado."

"Waambie unaandika mwenyewe."

"Mimi? Kwa vidole gani?"

"Sema tu, Tupo. Neno la mdomo. Litakuua?"

Nikamtazama. Alikuwa ananyoa ndevu vizuri siku hizo. "Andendekisye. Wamemvunja baba yako mkono."

Akatazama chini.

"Walisema hawatamgusa," akasema. "Waliapa mbele yangu. Walisema watamshusha tu, wampe na nauli."

Ndivyo alivyokiri, kwenye jua la saa sita, watu wanapita na matairi. Hata kukataa hakukataa, nipate pa kujishikiza.

"Baba yako mzazi," nikasema. "Utamwacha apelekwe?"

"Baba ni mzee, hakimu atamwonea huruma. Mimi wataniacha nioze gerezani. Na huyo mtoto nani atamlea?" Akanishika mkono juu ya kiwiko, akabana. "Nilifanya kwa ajili yenu. Ulitaka mtoto azaliwe kwenye matambara?"

"Niachie."

"Sema uliandika mwenyewe. Wewe una mimba, hawafungi mwenye mimba."

"Niachie, nitapiga kelele."

Akaniachia. Si kwa sababu ya kelele. Landrova ya polisi ilikuwa inaingia getini.

Nikakimbilia chumba cha mashine. Sijui nilikwenda kutafuta nini, labda nilizoea kwamba nikiwa na shida namwambia Evarista. Nikakuta kengele ya mashine inalia, naye anaandika.

TUPO UPO. TUPO JIBU. HUKU WANASEMA MZEE AKIFIKA TU NI RUMANDE. WENGINE WANASEMA HATATOKA HAI NA MKONO ULE. NI KWELI NI YEYE.

Mikono ikaenda yenyewe.

SIO YEYE.

Na papo hapo, nyuma ya ukuta, katika chumba cha pili, nikaisikia mashine ya Ndugu Kalinga ikinirudia. Ta-ta-ta-ta. Herufi kwa herufi. Nilikuwa nimeisahau. Tuliipa jina la Mdaku baadaye, lakini siku ile ndipo ilipolistahili.

NANI BASI, akauliza Evarista.

Nikaviondoa vidole kwenye mashine nikavikalia.

NANI BASI TUPO.

Mlango ukafunguliwa. Ndugu Kalinga alikuwa na kipande cha karatasi mkononi, na meneja nyuma yake.

"Mashine imeandika SIO YEYE," akasema taratibu. "Basi unajua ni nani. Malizia, dada. Sitaki kumpeleka mzee wa watu jela kwa kosa la mwingine. Lakini mimi ninachoweza kuonyesha ni nukta tu. Hakimu hatamwachia mtu kwa nukta."

"Nipeni muda."

"Muda hatuna. Koplo yuko ofisini anasaini."

"Mpaka kesho."

"Tupo, mwanangu," akasema Bwana Yotamu. "Nimekuelewa jina. Nimekusamehe suruali. Lakini mkono ni wa nani?"

Nilikuwa na majibu mawili na kila moja lilikuwa msiba. Nikimtaja mume wangu, mtoto wangu anazaliwa baba yake akiwa jela, na ukoo mzima utasema nimemla mume. Nikinyamaza, yule mzee aliyenipigia honi miaka yote anakwenda kufa rumande Iringa, na mkono umevimba. Nikaomba nife mimi kwanza. Sikufa.

Basi nikasikia buti kwenye korido. Walikuwa wanamleta mzee.

Chumba cha mashine ndicho kilichokuwa njia ya kutokea uani. Sikuwa na muda wa kuufikia mlango wa nyuma. Nikaivuta khanga yangu ikafunika kichwa na uso, nikajibanza kwenye kona, paji la uso likagusa ukuta.

Hatua zikasimama mlangoni. Nikasikia kikohozi nilichokuwa nakijua kwa kukikimbia.

"Kuna mtu humu," akasema mzee. "Siingii."

"Twende, mzee, tunachelewa," akasema koplo.

"Koplo Masunga, subiri," akasema Bwana Yotamu. "Kuna mkwe wake. Hawaruhusiwi kuonana."

"Hata kwetu Usukumani mkwe tunamwogopa, Ndugu Meneja, msifikiri ni nyinyi tu. Ndugu zangu kule Usangu mpaka leo wanakula chakula mbali na mama mkwe. Lakini Iringa wananisubiri na huyu mtu."

"Dakika moja," akasema Ndugu Kalinga. "Mzee, nikuulize neno moja. Habari za safari zako huwa zinaandikwa hapa. Jina lako anakuja kuliandika mtu mwingine, si mwendesha mashine. Unamjua?"



"Mimi naendesha lori," akasema mzee. "Ya mashine siyajui."

"Mtu huyo ndiye aliyekuuza. Ndiye aliyesababisha ukavunjwa mkono."

Kikohozi kikamshika tena.

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza mzee.

"Andendekisye? Yuko stoo."

"Mwacheni afanye kazi yake. Msimwite. Haya koplo, nipeleke. Mniambie nitie dole gumba wapi."

Ndipo nilipojua kwamba anajua. Labda alijua tangu usiku ule walipomshusha kwenye lori, labda kuna jambazi lililojisahau likataja jina. Anajua, na anakwenda kufungwa mahali pa mwanawe, na mimi nimesimama kwenye kona kama kabati nikilinda heshima yake.

Mtoto akacheza tumboni.

Nikamwambia mtoto yule kimoyomoyo, nisamehe, kama utatoka kama wenzako nisamehe, lakini siwezi kukuzaa juu ya mfupa wa mtu huyu.

Nikageuka. Khanga ikaanguka.

Nikamtazama. Miaka yote ya ndoa yangu, ukiacha ile kona ya Mwanjelwa, ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumwona baba mkwe wangu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Macho yalikuwa ya Andendekisye kabisa. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, wa pili ulikuwa na pingu iliyoshikwa na koplo.

Nikamwita kwa jina lake. Lote, la kwake na la baba yake.

"Huendi Iringa," nikasema. "Mkono wa pili ni wa mwanao. Andendekisye ndiye anayeandika jina lako, na ndiye aliyewauzia habari zako. Ameniambia mwenyewe sasa hivi."

Bwana Yotamu akaweka kiganja mdomoni. Nikasubiri mzee afunike uso wake, au akimbie, au anitemee mate.

Hakugeuza uso. Alinitazama moja kwa moja, bila kupepesa, kama mtu anayetazama barabara. Halafu akamgeukia meneja, akasema kwa Kiswahili ili koplo naye asikie vizuri.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Mkweo, mzee," akasema Bwana Yotamu.

"Mkwe wangu?" Akatingisha kichwa. "Bwana Yotamu, wewe ni mtu wa Tukuyu. Una wana waliooa. Mke wa mwanao anaweza kukutazama hivi? Anaweza kukuita kwa jina mbele ya watu?"

Meneja akatazama sakafu.

"Nakuuliza."

"Hawezi," akasema meneja, taratibu sana.

"Kwa huyu mahari sikutoa, hata mkia wa ng'ombe. Anakaa na mwanangu tu, mambo ya vijana wa siku hizi. Kama ng'ombe hawakutoka, mwiko upo?"

"Haupo."

"Basi jina langu analiandika mwenyewe, asubuhi mpaka jioni. Nini kitamzuia? Amewadanganya. Kama kuna mtu aliyeniuza, ndiye huyo hapo, na sasa anamsingizia mwanangu."

"Ulitoa!" nikapiga kelele. "Ng'ombe ulitoa! Niliwaona wakiingia kwa baba yangu! Baba mkwe, si uliwachagua mwenyewe? Mwulizeni mshenga!"

"Mshenga yupi?" akauliza mzee, kwa upole kabisa.

Mshenga alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Ndugu Meneja," akaanza Ndugu Kalinga, "mikono ni miwili, nukta zinaonyesha, huyu dada vidole vyake..."

"Ndugu Kalinga, mashine unaijua wewe," akasema Bwana Yotamu. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kupambana nayo. "Haya mengine nayajua mimi. Nilimtetea kwa sababu ya mwiko. Na mwiko nimeuona kwa macho yangu hauko. Mkwe wa mtu hafanyi alichokifanya huyu."

"Nimefanya kwa ajili yake!"

"Ndivyo unavyosema."

Kwenye mlango wa uani nikamwona Andendekisye. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nikamtazama nikingoja aseme neno, hata moja, hata jina langu. Akarudi nyuma akapotea.

Koplo Masunga hakupenda kazi ile, ilionekana. Lakini akaifungua pingu kwenye mkono mzima wa mzee. Akanishika kifundo cha mkono wa kulia, ule unaoandika haraka, akaifunga.

"Taratibu, mama," akasema. "Una mtu ndani."

Kwenye meza mashine ilikuwa bado inaita. TUPO. TUPO. NANI BASI. Na nyuma ya ukuta Mdaku anarudia.

Ili turudi ofisini karatasi zibadilishwe jina, ilinibidi nipite mlango wa korido, na hapo alikuwa bado amesimama mzee, sasa mtu huru. Nikamkaribia. Akasogea kando haraka. Akageuza uso wake ukutani, akauinamisha, akabaki hivyo bila kupumua mpaka nilipompita, kama anavyofanya baba yeyote wa kwetu anapopitiwa na mkwe wake. Nadhani hata mwenyewe hakujua amefanya hivyo.

Nikageuka upesi kuona kama yupo aliyeshuhudia. Bwana Yotamu alikuwa ameinama anaokota khanga yangu. Koplo alikuwa anahangaika na ufunguo. Ndugu Kalinga alikuwa amekaza macho kwenye karatasi yake.